Kodi Marekani: Sheria inapobadilika, nani hubeba mzigo?

KILA mara Bunge la Marekani linapobadilisha sheria ya kodi, habari huwafikia wananchi kwa maneno machache: kodi imepungua, bakshishi haitozwi kodi, wazee wamepata afueni. Miezi michache baadaye maneno hayo hugeuka kuwa fomu, na fomu hiyo huwekwa mezani kati ya watu wawili: mtaalamu wa kodi anayeitia sahihi, na mteja ambaye ndiye atakayedaiwa iwapo itagundulika kuwa na kosa.

Zaidi ya ritani milioni 160 za kodi ya mapato ya watu binafsi huwasilishwa kwa serikali ya shirikisho kila mwaka, na zaidi ya nusu huandaliwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Miongoni mwa wateja wao wamo wahamiaji wengi kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na nchi jirani. Makala haya yanaeleza jinsi sheria hizo zinavyobadilika, mabadiliko hayo yanavyogusa kazi ya mtaalamu, na kwa nini mteja hawezi kumwachia mwingine jambo hili lote.

SHERIA HUTOKA WAPI

Mamlaka ya kutoza kodi ya mapato yanatokana na Marekebisho ya 16 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1913. Mswada wowote wa kodi ni lazima uanzie katika Baraza la Wawakilishi, upite katika Seneti, kisha utiwe sahihi na Rais.

Hata hivyo, sahihi ya Rais si mwisho wa safari. Wizara ya Fedha na Idara ya Mapato, inayojulikana kwa herufi IRS, hutakiwa kutoa kanuni, miongozo na fomu mpya. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi, na wakati mwingine miaka. Katika kipindi hicho mtaalamu hulazimika kumshauri mteja akiwa na maandishi ya sheria peke yake, bila ya kujua idara itayafasiri vipi.

Aidha, majimbo mengi yana kodi yake ya mapato. Baadhi hufuata sheria ya shirikisho moja kwa moja, mengine hukataa mabadiliko fulani. Kwa hiyo badiliko moja la Washington laweza kuzaa hesabu mbili tofauti kwa mteja mmoja.

Wingi wa mabadiliko hayo ni mzigo peke yake. Katika ripoti yake ya mwaka 2012, Mtetezi wa Kitaifa wa Walipakodi, afisa anayesimamia ofisi yenye uhuru wake ndani ya IRS, alihesabu takriban mabadiliko 4,680 ya sheria ya kodi tangu mwaka 2001. Huo ni wastani wa zaidi ya badiliko moja kwa siku.

SHERIA ZENYE TAREHE YA KUFA

Jambo linalowasumbua zaidi wataalamu ni desturi ya Bunge ya kupitisha sheria zenye ukomo. Sababu kubwa ni bajeti: sheria ya muda huonekana kuigharimu serikali kiasi kidogo kuliko ya kudumu, na taratibu za Seneti huzuia baadhi ya miswada kuongeza nakisi baada ya kipindi fulani.

Sheria ya punguzo la kodi iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush mwezi Juni 2001 iliwekewa ukomo wa mwisho wa mwaka 2010. Zikiwa zimebaki wiki mbili tu, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya kuiongezea miaka miwili. Sehemu kubwa yake ilifanywa ya kudumu Januari 2, 2013, baada ya muda huo nao kwisha.

Kodi ya mirathi ilitoa kioja kikubwa zaidi. Kwa mujibu wa sheria ya 2001, kodi hiyo ilifutwa kwa mwaka mmoja tu, wa 2010. Mwezi Desemba mwaka huo Bunge liliirejesha kuanzia mwanzo wa mwaka, likiwapa wasimamizi wa mirathi hiari ya kuchagua mfumo wa kufuata. Familia zilizokuwa zimezika wapendwa wao miezi kumi na moja kabla zililazimika kurudi kwa mawakili na wahasibu na kuanza hesabu upya.

Hali kama hiyo ilijitokeza kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Donald Trump Desemba 22, 2017. Kodi ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 35 hadi 21 bila ukomo, lakini vifungu vingi vya watu binafsi vilipangiwa kumalizika mwisho wa 2025. Kwa miaka minane, ushauri wowote wa muda mrefu kuhusu nyumba, biashara au urithi ulitolewa kwa sharti moja: iwapo Bunge halitabadili mawazo. Jibu lilipatikana Julai 4, 2025, pale sheria nyingine ilipofanya viwango vya 2017 kuwa vya kudumu, na papo hapo kuanzisha vifungu vipya vyenye ukomo wa mwaka 2028.

KAZI HUBADILIKA, HAIPUNGUI

Wengi walidhani sheria ya 2017 ingewanyima wataalamu kazi. Punguzo la kawaida, yaani kiasi cha mapato ambacho kila mtu huruhusiwa kukiondoa kabla ya kukokotoa kodi, lilipanda kutoka dola 6,350 hadi 12,000 kwa mtu asiye na ndoa, na kutoka dola 12,700 hadi 24,000 kwa wanandoa. Sehemu ya walipakodi walioorodhesha gharama zao moja moja ilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi karibu asilimia 10.

Stakabadhi zilipungua, lakini maswali yaliongezeka. Sheria hiyohiyo iliwapa wenye biashara ndogo haki ya kuondoa hadi asilimia 20 ya mapato ya biashara yao, kwa masharti yanayotegemea aina ya kazi, kiwango cha mapato na mishahara inayolipwa. Dereva wa teksi anayejitegemea, aliyekuwa na ritani nyepesi, ghafla alihitaji hesabu ambayo hakuijua.

Tena walikuwapo waliotarajia marejesho makubwa. Mapema mwaka 2018 IRS ilibadilisha viwango vya kodi inayokatwa kwenye mishahara. Wafanyakazi walipata nyongeza ndogo kila malipo, na wengi hawakuitambua. Ilipofika 2019, baadhi yao walikuta marejesho yamepungua au wanadaiwa, hata pale ambapo kodi yao ya mwaka mzima ilikuwa imeshuka. Lawama ilimwangukia aliyejaza fomu. Mwaka 2025 ilikuwa kinyume: viwango vya makato havikubadilishwa baada ya sheria ya Julai, na kwa hiyo nafuu nyingi zilisubiri hadi ritani za mwanzoni mwa 2026.

MABADILIKO KATIKATI YA MSIMU

Ritani za watu binafsi kwa kawaida hutakiwa kufikia Aprili 15. Sheria inayobadilika kabla ya Januari humpa mtaalamu nafasi ya kujifunza. Inayobadilika mwezi Machi humkuta akiwa na foleni mlangoni.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 11, 2021, wakati wa janga la korona. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Joe Biden siku hiyo ilisamehe kodi kwenye dola 10,200 za kwanza za malipo ya ukosefu wa kazi yaliyopokelewa mwaka 2020, kwa watu wenye mapato ya chini ya dola 150,000. Mamilioni walikuwa wamekwisha kuwasilisha ritani. IRS iliwataka wengi wasifanye marekebisho, ikaahidi kukokotoa upya yenyewe. Tarehe ya mwisho nayo ilisogezwa hadi Mei 17. Wataalamu walijikuta wakijibu swali moja kutwa kucha: nisubiri, au nifanye upya?

Sheria hiyohiyo ilizaa mkanganyiko mwingine uliodumu zaidi ya miaka minne. Kampuni zinazopitisha malipo ya masoko ya intaneti zilitakiwa kutoa Fomu 1099-K kwa kila muuzaji aliyepokea zaidi ya dola 600 kwa mwaka, badala ya zaidi ya dola 20,000 na miamala zaidi ya 200 kama ilivyokuwa awali. IRS iliahirisha utekelezaji mara kadhaa, ikaweka kiwango cha mpito cha dola 5,000 kwa mwaka 2024, kisha sheria ya Julai 2025 ikarudisha kiwango cha zamani. Wauzaji wadogo waliotayarishwa kwa badiliko hilo kila mwaka hawakuliona likitekelezwa kikamilifu. Jambo ambalo halikubadilika wakati wote huo ni hili: faida ya biashara hutozwa kodi, fomu itolewe isitolewe.

KAULI MBIU NA MAANDISHI

Sheria ya 2025 inaonyesha wazi pengo kati ya ahadi ya jukwaani na maandishi ya kisheria. Wananchi walisikia kwamba bakshishi na malipo ya saa za ziada hayatatozwa kodi. Kilichomo ndani ni punguzo la mapato la miaka ya 2025 hadi 2028, lenye kikomo cha dola 25,000 kwa bakshishi, na dola 12,500 kwa saa za ziada, au dola 25,000 kwa wanandoa wanaowasilisha ritani ya pamoja. Nafuu hiyo huanza kupungua mapato yanapozidi dola 150,000 kwa mtu mmoja au 300,000 kwa wanandoa.

Zaidi ya hayo, kwa saa za ziada kinachoondolewa ni ile nyongeza tu, si malipo yote. Chukua mfano wa mfanyakazi wa ghala asiye na ndoa, anayelipwa dola 20 kwa saa na dola 30 kwa saa ya ziada. Akifanya saa 300 za ziada kwa mwaka atapokea dola 9,000, lakini kiasi anachoruhusiwa kuondoa ni dola 10 kwa kila saa, yaani dola 3,000. Akiwa katika daraja la asilimia 12, kodi yake itapungua kwa dola 360. Aliyetegemea dola zote 9,000 zisamehewe alikuwa akitarajia dola 1,080. Tena michango ya hifadhi ya jamii na bima ya Medicare, asilimia 7.65 kwa jumla, inaendelea kukatwa kwenye dola zote 9,000.

Kwa mwaka wa kwanza ugumu ulizidi, kwa kuwa IRS haikuibadilisha Fomu W-2 ya mwaka 2025 ili kutenganisha nyongeza hiyo. Mtaalamu alihitaji hati za malipo za mwaka mzima ili kukokotoa mwenyewe. Mteja aliyezitupa hati hizo alijipunguzia haki yake.

Wazee wa miaka 65 na zaidi walipewa punguzo la ziada la dola 6,000 kila mmoja, ambalo nalo hupungua mapato yanapozidi dola 75,000, au 150,000 kwa wanandoa. Baadhi walielewa kwamba pensheni ya serikali haitozwi kodi tena. Sivyo ilivyoandikwa: kanuni za kutoza kodi pensheni hiyo zilibaki, ingawa punguzo hilo huondoa au kupunguza kodi ya wengi.

NANI HUITWA MTAALAMU

Wasomaji wengi hushangaa kusikia kwamba katika sehemu kubwa ya Marekani mtu yeyote anaweza kulipwa kwa kuandaa ritani, mradi amepata namba ya utambulisho iitwayo PTIN, ambayo huhuishwa kila mwaka. IRS ilianzisha mpango wa kuwatahini waandaaji wote mwaka 2011, lakini mahakama ya rufaa mjini Washington iliamua Februari 2014 kwamba idara haikuwa na mamlaka hayo. Majimbo machache, yakiwamo California, Oregon, Maryland na New York, yana kanuni zake.

Juu ya kundi hilo wapo wenye sifa za kitaaluma: mawakili, wahasibu wenye leseni ya jimbo wanaojulikana kama CPA, na mawakala waliosajiliwa na IRS baada ya mtihani wa sehemu tatu. Hao wanaweza kumwakilisha mteja mbele ya IRS katika jambo lolote. Mawakala waliosajiliwa hutakiwa kusoma saa 72 kila miaka mitatu, zisizopungua 16 kwa mwaka, mbili kati yake zikiwa za maadili.

Tofauti hii huonekana zaidi sheria inapobadilika. Aliyefungwa na masharti ya kujifunza hulazimika kujua sheria mpya. Aliyefungua duka la msimu mwezi Januari hutegemea programu ya kompyuta, na programu hujibu yale tu inayoulizwa.

ADHABU KWA PANDE ZOTE MBILI

Mwandaaji anayechukua msimamo usio na msingi wa kisheria hutozwa dola 1,000 au nusu ya ujira alioupata kwa ritani hiyo, kiasi kilicho kikubwa. Ikithibitika kwamba alikusudia au alizembea kabisa, adhabu hupanda hadi dola 5,000 au asilimia 75 ya ujira.

Kuna pia wajibu wa kumhoji mteja. Ulianza na nafuu ya kodi kwa wenye kipato cha chini, ukaongezwa mwaka 2015 kwa nafuu ya watoto na ya masomo ya chuo, na mwaka 2017 kwa hadhi ya mkuu wa kaya. Asiyehoji na kuweka kumbukumbu hutozwa zaidi ya dola 600 kwa kila moja ya mambo hayo manne. Ndiyo sababu mtaalamu makini humuuliza mteja aliyemjua miaka kumi kama kweli mtoto anaishi naye, na kuomba barua ya shule. Si dharau wala kutoaminiana, bali ni sheria.

Kwa upande wa mteja, jukumu halihami kwa sababu amelipa ujira. Anayeweka sahihi kwenye ritani anatamka, chini ya adhabu ya kusema uongo, kwamba yaliyomo ni kweli. Kosa likigunduliwa, atalipa kodi iliyopungua na riba, na huenda akaongezewa adhabu ya asilimia 20 ya upungufu huo. Anaweza kusamehewa adhabu akithibitisha kwamba alimtegemea kwa nia njema mtaalamu aliyestahili, na kwamba alimpa taarifa zote. Kodi na riba, hata hivyo, hubaki palepale.

WALIOTOKA AFRIKA MASHARIKI

Mabadiliko mawili ya 2025 yaligusa familia za wahamiaji moja kwa moja. La kwanza ni nafuu ya kodi ya watoto, iliyopanda kutoka dola 2,000 hadi 2,200 kwa mtoto. Tangu 2018 mtoto alitakiwa kuwa na namba ya hifadhi ya jamii. Kuanzia ritani ya 2025, angalau mzazi mmoja naye hutakiwa kuwa nayo. Familia ambayo wazazi wote hutumia namba ya mlipakodi tu hukosa nafuu hiyo, hata kama watoto walizaliwa Marekani.

La pili ni kodi ya asilimia 1 ya fedha zinazotumwa ng'ambo, iliyoanza Januari 1, 2026. Mswada wa awali ulitaja asilimia 5, ikashuka hadi 3.5 katika Baraza la Wawakilishi, na ililenga wasio raia. Iliyopitishwa haiangalii uraia, bali namna ya kulipa. Anayempa wakala pesa taslimu au hundi ya benki atume dola 300 Mombasa au Mwanza hutozwa dola 3. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi ya benki iliyotolewa nchini humo hatozwi.

Yapo pia ambayo hayakubadilika. Raia na wakazi wa kudumu hutangaza mapato yao ya dunia nzima, ikiwamo kodi ya nyumba iliyopangishwa Nairobi au Dar es Salaam. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya wala Tanzania, lakini sheria yake inaruhusu kodi iliyolipwa nje kupunguza ile inayodaiwa Marekani. Mwenye akaunti za nje ambazo jumla yake ilipita dola 10,000 wakati wowote katika mwaka hutakiwa kutoa taarifa tofauti kwa Wizara ya Fedha.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, muulize mwandaaji sifa zake na PTIN yake kabla ya kumkabidhi nyaraka. IRS huchapisha katika tovuti yake orodha ya wenye sifa zinazotambuliwa.

Pili, usikubali ritani isiyo na sahihi ya aliyeiandaa. Mwandaaji anayelipwa akakwepa kutia sahihi anakuachia mteja lawama yote. Jihadhari pia na anayetoza ujira kwa asilimia ya marejesho, au anayeelekeza marejesho hayo kwenye akaunti yake.

Tatu, hifadhi hati za mishahara, stakabadhi na nakala ya ritani kwa miaka isiyopungua mitatu. Huo ndio muda wa kawaida ambao IRS hukagua, na ambao mlipakodi naye anaweza kudai alichosahau. Kwa aliyeficha zaidi ya robo ya mapato muda huwa miaka sita. Kwa udanganyifu hauna mwisho.

Nne, mweleze mtaalamu mabadiliko ya maisha yako kabla ya mwaka kwisha: ndoa, talaka, mtoto, nyumba, kazi ya pili. Desemba bado kuna hatua za kuchukua. Aprili kinachobaki ni kuhesabu yaliyokwisha kutokea.

Tano, ukisikia nafuu mpya, uliza mambo matatu: inaanza mwaka gani, inaisha mwaka gani, na mapato yakifika kiasi gani inaondolewa. Mtaalamu anayestahili ujira wake atakuwa na majibu ya yote matatu, na pale ambapo miongozo haijatoka, atasema hivyo waziwazi kabla ya kuomba sahihi yako.